Super Visa ya Kanada kwa wazazi: ugeni wa miaka mitano, si ukaazi

Aliyeibatiza Super Visa alijua kuuza jina. Mtu akilisikia anadhani mzazi wake akishaipata ni kama amehamia: atapewa kadi ya afya, atakaa mpaka achoke mwenyewe, na miaka ikipita mambo yatajipa. Sivyo. Hii ni viza ya mgeni, ndugu wa ile ya matembezi, ila imerefushwa miguu. Mzazi, bibi au babu wa raia au wa mkaazi wa kudumu wa Kanada anaruhusiwa kuingia na kutoka kwa hadi miaka 10, na kila anapoingia anaweza kukaa hadi miaka 5 mfululizo. Viza ya kawaida humpa miezi 6 kwa kawaida. Tofauti hiyo ndiyo bidhaa yenyewe. Kama huduma ya kumleta mama akae na wajukuu, tunaipa 8 kati ya 10. Kama njia ya kuunganisha familia kwa kudumu, 3, na hizo 3 ni kwa huruma.

Historia yake inaeleza tabia yake. Ilianza Desemba 2011, serikali ilipokuwa imesimamisha kupokea maombi mapya ya kudhamini wazazi kwa sababu mafaili yalikuwa yamerundikana. Mwanzoni mzazi alikaa miaka 2 kwa kila safari. Tangu Julai 4, 2022 ni 5, na akiwa ndani ya nchi anaweza kuomba aongezewe hadi 2 kwa mkupuo. Kwa hiyo ni kiti cha kusubiria kilichowekwa mlangoni kwa kuwa ndani pamejaa. Baadaye kikawekewa mto, lakini bado kiko mlangoni.

Wanaoulizia habari za wazazi mara nyingi huanza na haki ambayo sheria ya Kanada haina: ya mzazi kupata ukaazi moja kwa moja kupitia mtoto wake. Mtoto akizaliwa Toronto anapata uraia yeye. Mama yake aliyekuja kwa matembezi anabaki na viza yake ya matembezi, na huyo mtoto hawezi kumdhamini mpaka afike miaka 18 na awe na kipato. Mkimbizi aliyekubaliwa anaweza kuwaombea mume au mke na watoto wanaomtegemea, na upo utaratibu wa kuwaombea ndani ya mwaka mmoja wale waliobaki nje, lakini wazazi hawamo. Kinachouma zaidi ni kijana chini ya miaka 18 aliyepata hifadhi akiwa peke yake: naye hawezi kuwaweka wazazi wake kwenye ombi lake la ukaazi wa kudumu. Wapo wanaoligundua hilo fomu zikiwa zimeshajazwa.

Mlango wa ukaazi halisi ni mpango wa kudhamini wazazi, bibi na babu, unaojulikana kama PGP. Huko mzazi anapata ukaazi wa kudumu, kadi ya afya ya mkoa, ruhusa ya kufanya kazi, na baadaye uraia akitimiza siku 1,095 ndani ya miaka 5. Mwenye miaka 55 na kuendelea hata mtihani wa uraia hafanyi, wala hadaiwi uthibitisho wa lugha. Ukikataliwa, mdhamini kwa kawaida ana haki ya kukata rufaa mbele ya kitengo cha rufaa za uhamiaji. Shida ni kuingia. Januari 28, 2019 fomu ya mtandaoni ilifunguliwa na nafasi zikaisha ndani ya dakika chache. Mwenye intaneti ya kusuasua alikosa hivyohivyo. Mwaka 2020, kuanzia Oktoba 13 hadi Novemba 3, watu walijaza fomu za kuonyesha nia, na mialiko ya miaka iliyofuata, ikiwamo ya 2024 na ya 2025, ikachotwa kwenye kapu hilohilo. Ile ya 2025 ilikuwa mialiko 17,860 ili yapatikane maombi 10,000. Aliyefika Kanada 2021 anaweza kuwa na mshahara wa daktari bingwa, lakini jina lake halimo kapuni. Ndiyo maana Super Visa inapata wateja.

Tusiitukane sana, kwa sababu kuna wazazi ambao inawafaa kuliko ukaazi. Mkaazi wa kudumu anatakiwa awe Kanada siku 730 katika kila miaka 5. Mzee mwenye mashamba, ng'ombe na kesi ya mpaka isiyokwisha kule nyumbani hatazitimiza, na baada ya miaka kadhaa atajikuta anajieleza kwa nini asinyang'anywe kadi ya ukaazi. Halafu kuna udhamini wenyewe: kwenye PGP unatia saini kumtunza mzazi kwa miaka 20, au 10 kwa walio Quebec, na akichukua msaada wa serikali katika kipindi hicho unadaiwa wewe. Saini hiyo haifutiki ukipoteza kazi wala ukigombana naye. Kwa Super Visa unaandika barua ya ahadi ya kumtunza kwa muda wa ugeni wake, basi.

Sasa masharti, na tuanze na lile ambalo wengi hulikosea: kuhesabu watu. Mwenyeji lazima awe mtoto au mjukuu mwenye miaka 18 au zaidi anayeishi Kanada, na kipato chake kifikie kipimo cha kipato cha chini kiitwacho LICO, kinachopanda kila mwaka na kutegemea ukubwa wa familia. Familia hapa ni wewe, mwenzi wako, watoto wanaokutegemea, wageni unaowaalika, na mtu yeyote uliyewahi kumdhamini ambaye ahadi yake haijaisha. Chukua nyumba ya baba, mama na watoto 2 inayoalika bibi na babu. Watu hupiga hesabu ya 4, wakaona kiwango cha 2024 ni dola za Kanada 54,594, wakatabasamu. Hesabu sahihi ni 6, na kwa 6 kiwango cha mwaka huo kilikuwa dola 69,834. Pengo ni zaidi ya dola 15,000. Ukiwa umemdhamini mke miaka miwili iliyopita kisha mkaachana, naye bado anahesabika mpaka muda wa ahadi uishe, hata kama hamsalimiani.

Kipato cha mwenzi wako kinaweza kuunganishwa na chako, naye akatia saini barua ya mwaliko. Ushahidi mzito ni barua ya tathmini ya kodi, ile NOA, inayotolewa na CRA, mamlaka ya kodi ya Kanada, ya mwaka wa karibuni kabisa. Ongeza barua ya mwajiri yenye cheo, tarehe ya kuanza na mshahara, pamoja na hati za malipo za miezi ya karibuni. Anayeendesha teksi au anayefanya kazi za kujiajiri hujikwaa hapa: fedha zinazopita benki ni nyingi, ila baada ya kukata gharama zote kwenye kodi kinachobaki kwenye NOA ni kidogo. Afisa anasoma NOA. Kama unapanga kumwalika mzazi mwakani, zungumza na mhasibu wako mwaka huu, kabla hajakufurahisha kwa kukupunguzia kodi.

Bima ndiyo gharama kubwa, na ndiyo sehemu ya kusoma kwa miwani. Sharti ni bima ya afya yenye kinga ya angalau dola 100,000, inayogharimia matibabu, kulazwa na kurudishwa nyumbani, na iwe hai kwa angalau mwaka 1 tangu siku ya kuingia. Iwe imelipiwa: makadirio ya bei hayapokelewi, ila malipo kwa awamu yanapokelewa ukionyesha kuwa ya mwanzo yamelipwa. Zamani ilikuwa lazima itoke kwa kampuni ya Kanada. Tangu Januari 28, 2025 kampuni ya nje nayo inakubalika, mradi iwe imeidhinishwa na msimamizi wa taasisi za fedha wa Kanada, OSFI, na hati hiyo iwe imetolewa katika biashara yake ya bima nchini humo. Wakala wa Nairobi au Dar es Salaam akikuuzia bima ya safari ya kampuni isiyo kwenye orodha ya OSFI, amekuuzia karatasi, hata iwe na mihuri minane.

Bei hupangwa kwa umri wa mzazi, ugonjwa alionao, ukubwa wa kinga, na kiasi mnachojilipia wenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Ukikubali kujilipia dola 1,000 za mwanzo, ada inashuka. Lakini bei isikupofushe. Kifungu cha kuangalia ni cha magonjwa yaliyokuwapo kabla. Bima nyingi za aina hii zinalipia ugonjwa wa zamani kwa sharti kwamba ulikuwa umetulia kwa siku 90 au 180 kabla bima kuanza. "Kutulia" kwao si kujisikia vizuri. Maana yake hapakuwa na dawa mpya, dozi haikubadilishwa, na hapakuwa na kipimo kinachosubiri majibu. Mama mwenye presha anameza vidonge vya miligramu 5. Wiki tatu kabla ya safari anakwenda kliniki kwa nia njema kabisa, daktari anamwongezea hadi miligramu 10 ili asafiri salama. Kwa macho ya kampuni presha yake haijatulia. Akipata kiharusi mwezi wa pili, kampuni ina sababu iliyoandikwa ya kukataa bili ya hospitali, na mgeni asiye na kadi ya afya anatozwa bei kamili. Kama kuna dawa ya kurekebishwa, irekebishwe miezi 6 kabla, bima ndipo ianze.

Fomu ya maswali ya afya ijazwe na mzazi mwenyewe, mtu akimtafsiria neno kwa neno. Vijana wana tabia ya kujaza "hapana" kila mahali kwa sababu mama hakuwahi kuwaambia habari za sukari. Siku ya dai, kampuni inaomba faili la hospitali ya nyumbani, inakuta sukari tangu miaka kumi iliyopita, na bima nzima inaweza kufutwa, hata kama alichovunjika ni mguu.

Bima hii ni ya dharura. Haigharimii vidonge vya kila mwezi, miwani, wala kumwona daktari kwa uchunguzi wa kawaida. Mzazi aje na dawa za miezi kadhaa katika pakiti zake halisi, na cheti cha daktari chenye jina la kitaalamu la dawa, kwa kuwa majina ya kibiashara hutofautiana nchi na nchi. Kingine kinachosahaulika ni tarehe. Unanunua bima ianze Juni 1, ombi linacheleweshwa, Juni inapita mzazi akiwa bado kijijini, na siku zinaliwa. Pigia kampuni kabla ya tarehe hiyo uisogeze mbele. Uliza pia, kwa maandishi, utarudishiwa kiasi gani viza ikikataliwa. Na kumbuka kwamba sharti la viza ni mwaka 1 wa bima, ilhali kibali cha kukaa ni cha miaka 5. Familia inayoacha kuhuisha bima mwaka wa pili kwa sababu "mbona hakuugua" inacheza kamari kwa jina la nyumba yake.

Pasipoti inaonekana jambo dogo. Viza haiwezi kuishi kuliko pasipoti, na afisa wa mpakani naye hatoi muda wa kukaa unaopita mwisho wa pasipoti. Mzazi mwenye pasipoti iliyobakiza miaka miwili atapata miaka miwili, atalipia yaleyale, kisha aanze tena. Ahuishe kwanza, ndipo aombe.

Ada ya ombi ni dola 100 kwa kila mtu, na alama za vidole na picha ni dola 85. Baba na mama kila mmoja ana ombi lake, ingawa yanaweza kutumwa pamoja. Huwezi kumpachika mdogo wako wa miaka 15 kwenye ombi la mama. Super Visa haibebi mtegemezi. Mzazi lazima aombe akiwa nje ya Kanada, na kwenye mfumo wa IRCC, idara ya uhamiaji ya Kanada, uchague Super Visa, usichague matembezi. Stika ikitoka angalia msimbo: PG-1 ndiyo yenyewe, V-1 ni viza ya kawaida. Vipimo vya afya vifanywe kwa daktari aliyeteuliwa na IRCC tu. Hospitali ya rufaa yenye jina kubwa isiyo kwenye orodha haisaidii.

Vyeti ndivyo huchelewesha wengi wetu. Kinachotakiwa ni cheti cha kuzaliwa cha mwenyeji kinachoonyesha jina la mzazi anayealikwa. Mama kwenye cheti ni Mwanaisha Juma, kwenye pasipoti ni Aisha Juma Salim, na kwenye cheti cha ndoa ni Bi Aisha. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Afisa anaona watatu. Weka hati ya kiapo cha majina iliyoapwa mbele ya wakili, na barua fupi ya maelezo inayosema jina lipi linatoka hati ipi. Hati ya Kiswahili inatafsiriwa kwa Kiingereza au Kifaransa na mtafsiri anayetambulika. Ndugu wa familia haruhusiwi, hata awe profesa wa lugha.

Kukataliwa kwingi hakutokani na bima wala LICO. Kunatokana na afisa kutoamini kwamba mzazi atarudi. Hapa Super Visa inajikanyaga yenyewe: inamwalika mtu akae miaka 5, kisha inamtaka athibitishe kwamba ana haraka ya kurudi. Jibu ni hati za vitu halisi: hati ya shamba au nyumba, barua ya pensheni, watoto na wajukuu waliobaki, safari za awali alizorudi kwa wakati. Barua ya mwaliko isiyosema atakuja lini, atakaa muda gani na atarudi kwa ajili ya nini ni dhaifu. Na ile sentensi ya mapenzi, "tunataka mama aishi nasi maisha yake yote yaliyobaki," iache moyoni. Wala usidanganye. Uongo au hati ya kughushi humfungia mzazi mlango kwa miaka 5.

Rufaa hakuna. Ukikataliwa unaomba upya, au unakwenda Mahakama ya Shirikisho ndani ya siku 60 kwa uamuzi uliotolewa nje ya Kanada, na hilo ni la wakili. Kabla ya kuomba upya, omba maandishi ya afisa kwenye faili, yale ya GCMS, mfumo wa kompyuta wa mafaili ya uhamiaji. Ada ni dola 5, na aliye Kanada anaweza kuyaomba kwa idhini ya mzazi. Barua ya kukataa huwa ya jumlajumla, ila maandishi hayo hutaja kilichomkwaza. Kurusha ombi lilelile mara ya tatu bila kuyasoma ni kuchangia hazina ya Kanada. Mtu anayekutoza fedha kukushauri awe anayeruhusiwa kisheria, kama wakili, mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, au mthibitishaji hati (notary) wa Quebec. Tafuta jina lake kwenye rejista ya umma kabla hujamtumia hata shilingi.

Mzazi akishafika, hana ruhusa ya kufanya kazi, na kulea wajukuu wa jirani kwa malipo ni kazi. Miaka aliyokaa haimjengei haki ya ukaazi: 5 na 2 na 2 tena bado ni mgeni. Akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, CRA inaweza kumhesabu mkaazi kwa upande wa kodi, kwa hiyo mwenye pensheni au nyumba ya kupangisha aulize mapema. Kuongeza muda kunaombwa mtandaoni kabla kibali hakijaisha, bima ikiwa hai.

Uwanja wa ndege ndio mahali pa mwisho pa kuharibikiwa. Mzazi awe na hati ya bima na nakala ya barua ya mwaliko mkononi. Zikiwa ndani ya begi lililopita chini ya ndege ni sawa na hana. Akiulizwa, aseme wazi kwamba ana Super Visa, na kama hasemi Kiingereza wala Kifaransa awe na karatasi inayosema hivyo, yenye namba ya simu ya mwenyeji anayesubiri nje. Afisa mwenye foleni ndefu anaweza kugonga muhuri mtupu. Muhuri usio na tarehe husomwa kama miezi 6. Mzazi afungue pasipoti palepale dirishani, aangalie tarehe iliyoandikwa, na kama haipo aombe iandikwe kabla hajaanza kutafuta mizigo.